Ngozi Mbichi Mkononi Mwangu

Siku niliyomwona mume wangu akilamba ngozi mbele za watu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulikuwa Malindi, kwenye bucha ya Mahir, asubuhi ya Ijumaa. Watu wamejipanga kununua nyama, mabuibui yananukia udi, kanzu zimepigwa pasi, na Baya wangu kainama nyuma ya bucha pale zinapowekwa ngozi. Akachagua moja ya beberu, akaigeuza upande wa ndani, akainusa, kisha akatoa ulimi. Dada mmoja aliyesimama karibu nami akasema "Audhubillahi" na kusogea kando. Mimi nikasogea naye, nikajifanya sijui yule mwanamume ametoka wapi.

"Mahir, hii ina chumvi," Baya akapaza sauti kutoka kule nyuma.

"Niwie radhi, mzee wangu," Mahir akajibu bila kuacha kukata nyama. "Mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Njoo Jumatatu, nitakuwekea isiyoguswa."

Chumvi ndiyo iliyomfanya alambe. Wanunuzi wa ngozi huzitaka zimetiwa chumvi zisioze kabla ya lori kupita, lakini kwa mtengeneza pinde ngozi hiyo ni hasara tupu. Chumvi hunywa umande. Ngozi yake hulegea kila alfajiri, na upinde uliofungwa nayo huishia kuning'inizwa ukutani. Haya yote alinieleza njiani tukirudi, na mimi nilikuwa nimemgeuzia uso kwa aibu. Nilimwambia hata kama ni hivyo, si angetumia kidole?

"Kidole hakina ladha, Mama Kombe," akasema.

Huyo ndiye Baya. Tunakaa ndani ndani huko, ng'ambo ya Vitengeni, mahali ambapo pikipiki hufika ikijisikia. Watu huniuliza mtu anaishije kwa kutengeneza pinde zama hizi za simu, nami huwajibu waende wakamuulize mwenyewe. Vikundi vya ngoma humjia, maana mcheza ngoma hawezi kurukaruka na upinde wa kuchorwa. Wenye maduka ya mapambo Malindi humjia. Kuna wakulima wa Magarini wanaofukuzia nyani kwenye mahindi, na hao ndio anaowapenda, kwa sababu hurudi kumwambia mshale ulifika wapi. Baba yake alikuwa fundi wa pinde, na babu yake pia, na wote watatu walikuwa na harufu moja. Wakati naposwa, shangazi yangu alininong'oneza kwamba nitazoea. Sijazoea.

Mti wenyewe hauna matata. Ni mkone, hukatwa ukakaushwa juu ya moshi wa jikoni kwangu mpaka masizi yaanguke kwenye mboga. Kazi iko kwenye ngozi. Huilaza kwenye pipa la maji ya jivu hadi manyoya yaachie, kisha huikwangua kwa kisu butu mpaka iwe nyeupe, halafu huikata kwa kuzunguka, kutoka ukingoni kwenda katikati, ukanda mmoja mrefu usiokatika. Ukanda huo huuzungusha kwenye mshiko wa upinde na popote palipo na ufa, ungali umelowa na laini kama utumbo. Hapigi fundo. Ncha yake huificha chini ya mizunguko, na ni yeye peke yake anayejua iko wapi. Kisha huuweka upinde juani, na ngozi ikikauka hujikaza yenyewe hadi ufa unafumba.

Katika kukauka huko hulia. Ni kijisauti kidogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Baya huweka sikio kwenye upinde na kufumba macho.

"Inashika," husema, na siku hiyo chakula hukila kwa raha.

Nimeona pinde zikiletwa kwetu zimepasuka hadi unaona moyo wa mti, akazifunga, zikarudi shambani na kufanya kazi miaka. Naeleza hili ili msinione mjinga kwa yale yaliyofuata. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimeona.

Ilikuwa wakati wa kaskazi, jua la kuyeyusha samli. Baya alikuwa ameamka mapema kukwangua ile ngozi ya Jumatatu ambayo Mahir alimtunzia kweli. Akaikwangulia mlangoni, kama kawaida yake, japo nimemkataza tangu Kombe wetu anatambaa, na Kombe sasa ni mtu mzima anafanya kazi Mtwapa. Yale makwanguo yanateleza kuliko bamia. Nikatoka na ndoo ya maji, nikayakanyaga, miguu ikaenda zake na mimi nikaenda zangu. Nilijikinga kwa mkono wa kulia. Kifundo kikalia kama muhogo unapovunjwa, na kiganja kikaelekea upande ambao Mungu hakukiumba kuelekea.

Sitaandika niliyomwambia Baya wakati ule. Majirani wako mbali, lakini nadhani waliyasikia.

Alipiga simu kwa Lewis, yule wa pikipiki anayetubeba siku zote. Lewis akasema amepeleka abiria Malindi, lakini ataacha kutafuta wengine arudi moja kwa moja. Mzee aliyekuwa akiunga mifupa kijijini kwetu alishafariki, Mungu amrehemu. Tukabaki tunatazamana, mimi nimeukumbatia mkono, Baya amesimama na mikono yake imelowa maji ya ngozi. Kisha nikaona uso wake ukitulia. Nilikuwa naujua utulivu ule. Ndivyo anavyotulia akiletewa upinde uliopasuka.

"Mama Kombe," akasema, "nikufunge?"

"Unifunge na nini?"

"Na hii. Beberu hajaguswa na chumvi. Mfupa na mti vina tofauti gani?"

Nikakubali. Ee Mulungu, nikakubali! Akakata ukanda wa ngozi, kisha akaunyoosha mkono taratibu, na hapo niliona nyota mchana, lakini ulinyooka. Kisha akaanza kuzungusha ukanda kuanzia juu ya kiganja hadi karibu na kiwiko, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilimuuliza kama hatatia hata kijiti cha kuushikiza. Akasema kijiti ni cha watu wasio na ngozi. Na nisiseme uongo, ilikuwa raha. Ngozi ilikuwa baridi, imelowa, inanibana kidogo kidogo kama mtu aliyekushika mkono msibani. Maumivu yalipungua, nikashusha pumzi, nikamshukuru mume wangu kwa kinywa changu mwenyewe.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Baya alipoona nimetulia, alichukua simu akampigia Lewis tena. Akamwambia asijisumbue kurudi mbio, abebe abiria wake, mambo yako sawa, ameshanishughulikia mwenyewe. Nilimsikia. Kulikuwa na fahari katika sauti yake, na mimi nilimwachia fahari yake kwa sababu ni kitu asichokipata mara nyingi.

Kisha akanitolea kiti nje.

"Ngozi yataka jua," akasema.

Nikakaa juani, mkono juu ya paja. Yeye akaendelea na upinde wake mbele yangu, na kila baada ya muda akija kunitazama. Jua lilipopanda, mkono ulianza kupwita. Nikamwambia unauma. Akauliza unauma vipi, nikamwambia unauma kama unaminywa. Basi akapiga magoti mbele ya kiti changu, akainamisha kichwa, akaweka sikio kwenye mkono wangu. Akafumba macho. Nami nikasikia pia, kile kijisauti cha mlango.

"Inashika," akasema, akinitazama kwa tabasamu ambalo sijaliona tangu harusi yetu.

Hadi leo nikikumbuka tabasamu lile mwili hunisisimka. Alikuwa na furaha. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, anausikiliza mkono wangu ukifa, na alikuwa na furaha.

Baadaye maumivu yalikwisha. Nilidhani ni nafuu. Baya alinipikia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, akanipa, na kwa mazoea nikaipokea kwa mkono wa kulia. Vidole havikushika. Kikombe kiligeuka, chai yote, iliyokuwa ikitoka moshi, ikamwagika juu ya vidole vyangu. Baya akaruka na kupiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa naitazama chai ikichuruzika kati ya vidole, naona mvuke, na sisikii chochote. Nikavitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Vilikuwa vimevimba na kuwa na rangi ya biringani.

"Baba Kombe," nikasema, "hii chai ni ya moto?"

Alikivuta kidole changu kimoja, kisha cha pili, akavibana kwa kucha. Aliona usoni mwangu kwamba sisikii. Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana, nimemwona akizika mama yake, nimemwona akifukuza fisi kwa rungu, sijapata kumwona amebadilika rangi vile.

Alikimbilia kisu. Lakini ngozi ilikuwa imekauka na kuwa kama pembe, na nyama yangu ilikuwa imefura ikapanda juu ya kingo zake pande zote mbili. Hapakuwa na nafasi ya kupenyeza hata ncha ya sindano. Alipobonyeza kisu juu yake kiliteleza kikanichana kwenye kiganja, na damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na ya uvivu. Akatupa kisu, akaniburuta hadi kwenye pipa, akauzamisha mkono wangu wote ndani ya yale maji ya jivu yaliyojaa manyoya ya beberu.

"Italegea," akasema. "Ikilowa italegea."

"Lini?"

Wote wawili tulijua jibu. Ngozi iliyokauka sawasawa yataka kulala majini hadi asubuhi.

Ndipo akautoa mkono kwenye pipa na kuupeleka mdomoni. Nilidhani amerukwa na akili. Alikuwa akitafuta ile ncha aliyoificha. Aliitafuta kwa ulimi, akiulowanisha ukanda kwa mate, akinyonya na kutafuna karibu na kiwiko mahali pale pale, akitema manyoya na jivu, akirudi tena. Nilimshika kichwa kwa mkono wangu mzima, nikawa namtukana na kumwombea Mungu kwa pumzi moja. Niliona damu kwenye ngozi na kudhani ni yangu. Ilikuwa ya fizi zake.

Katika hali hiyo ndipo Lewis akatokea. Hakuwa amemsikiliza Baya. Alisema baadaye kwamba mtu aliyevunjika hashughulikiwi kwa simu. Alizima pikipiki akatukuta uani: mimi nalia, na mzee ameuma mkono wangu kama mbwa, kidevu chote damu.

"Mzee!" akapiga kelele. "Mzee Baya, muachie mama!"

Akamrukia na kumshika mabega amvute. Nilimpiga Lewis kwa kandambili. Nilimwambia amwache, amwache ale, asipokula mkono huu unakatwa. Maskini Lewis akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta na kukaa chini.

Ncha ikatoka. Baya aliishika kwa meno akaivuta, mzunguko wa kwanza ukaachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, kisha wa pili, kisha yote. Chini yake mkono wangu ulikuwa na mifereji, kana kwamba nyama yenyewe imesokotwa. Damu ikaanza kurudi vidoleni. Nimezaa watoto watano, na mmoja alikuja kwa miguu, lakini uchungu ule sijui niuweke wapi. Nilizimia nikiwa nimeketi.

Sikumbuki sana njia ya kwenda Malindi. Nakumbuka nilikuwa katikati, Lewis mbele, Baya nyuma amenishika kiuno. Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja, binti wa kimjini mwenye sauti ya upole, anaitwa Sahla. Alifunua kanga niliyokuwa nimeufunikia mkono, akautazama. Kisha akafunga pazia, akainama sikioni kwangu.

"Mama, shikamoo. Niambie kweli, usiogope. Nani aliyekufunga kamba?"

Kabla sijafungua kinywa, Baya alijibu kutoka upande wa pili wa pazia.

"Ni mimi, binti yangu," akasema. "Nilimfunga kama upinde."

Sahla akachungulia nje, akamwona mzee mwenye damu kidevuni na manyoya ya mbuzi kwenye shati. "Subhanallah," akasema, na ilibidi nimweleze yote tangu mwanzo, makwanguo, ngozi, jua, chai, huku yeye akinisafisha na mkono wake ukisita kila mara. Nilipofika kwenye sikio, aliacha kabisa kusafisha.

Daktari alisema mfupa utaunga bila shida, tena ulikuwa umenyooshwa vizuri. Lakini kuhusu vidole hakuahidi. Alisema kuna mishipa ya hisia ambayo ikibanwa hufa, na ikifa hairudi, na kwamba tungoje mkono ushuke uvimbe. Nikawekwa bandeji na kipande cha plasta, baadaye plasta nzima, tukarudi nyumbani kungoja.

Kungoja kule ndiko kulikonishtua kuliko yote. Baya hakugusa ngozi tena. Ile iliyobaki kwenye pipa ilioza hadi mbwa wakaikimbia, na ni Lewis aliyekuja kuimwaga. Mahir akatuma ujumbe kwamba kuna beberu safi, hajatiwa chumvi; Baya akajibu apewe mwingine. Mkulima wa Magarini alileta upinde wake umepasuka, Baya akautazama kwa mbali kama anayetazama nyoka, akamwambia hajui kazi hiyo. Asubuhi alisonga sima, ikawa na mabonge, nikaila. Aliosha vyombo. Aliniletea maji ya kuoga. Kila usiku kabla ya kulala aliviangalia vidole vyangu vilivyochungulia kutoka kwenye plasta, akageukia ukuta. Nilizoea kumgombeza mtu huyu kila siku ya Mungu. Sasa nilitafuta la kumgombezea nikakosa, na nyumba ikawa kama ya watu wasiojuana.

Siku ya kutoa plasta alinisindikiza hadi mlangoni mwa chumba akashindwa kuingia. Akaketi kwenye benchi la nje, kofia mikononi. Ndani, Sahla alikata plasta, akaniosha mkono uliokuwa umekonda kama wa mgonjwa wa miaka. Daktari akasema nikunje vidole, nikavikunja. Vyote vitano vilienda, viwili vya mwisho kwa uvivu. Kisha akaniambia nitazame dirishani, akaanza kunigusa kwa sindano, kidole kwa kidole, nami niseme nikisikia. Cha gumba nikasema. Cha shahada nikasema. Cha kati nikasema. Halafu nikangoja. Nikangoja sana, mpaka nikamuuliza kama ameacha.

"Nimeshamaliza, mama," akasema kwa sauti ya chini.

Sahla alinifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Daktari alisema nitaweza kupika, kufua, kulima hata, ila niwe mwangalifu na moto upande ule, kwa kuwa vidole viwili hivyo havitaniambia vikiungua. Nikasema nimesikia. Nikanawa uso, nikatoka.

Baya akasimama. Hakunitazama usoni, aliutazama mkono. Akauchukua kwa mikono yake miwili, ile mikono mikavu yenye mikato, akaupindua, akapitisha kidole gumba juu ya makovu yale ya mifereji. Alianza na kidole gumba changu, akashuka kimoja kimoja. Akafika cha mwisho. Akakibana.

"Wasikia, Mama Kombe?"

Sijapata kumsamehe mtu huyu hata kosa la kuacha mlango wazi. Kinywa changu hakina pazia, Vitengeni nzima yajua. Nikamwona anavyongoja, shingo ameinyoosha, hapumui.

"Nasikia," nikasema kwa ukali. "Waniumiza. Niachie!"

Akaniachia haraka kama aliyeshika kaa la moto. Akaomba radhi, akaketi tena kwenye benchi, akalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, huku akicheka, akimwambia kila aliyepita kwamba mkewe anasikia. Mimi nilikuwa nimesimama namtazama. Kama nisingekuwa nakiangalia kidole kile, nisingejua alipokishika wala alipokiachia.